Siasa za Marekani: usianze na marais, anza na wenye uwezo wa kukwamisha

Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na haikupita wiki nyingi kliniki za huku kwetu zikaanza kuiona, wafanyakazi waliokuwa wanalipwa na hela za PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, wakaambiwa wasimamishe kazi, wagonjwa wakawa wanaulizana dawa za mwezi ujao zipo au hazipo. Na swali lililokuwa mdomoni mwa kila mtu ni hili: hivi rais wa Marekani anaweza kufanya hivyo peke yake? Si hela zilishapitishwa na bunge lao?

Hilo swali ni zuri kuliko maswali yote ya nani atachukua Pennsylvania na nani atachukua Ohio. Tunaifuatilia sana Marekani, tunajua majina ya watoto wa marais wao, tunakesha na matokeo ya uchaguzi, lakini likija swali kama hilo la hela tunabaki kubahatisha. Sababu naiona ni moja, tunachosoma na kuangalia kinahusu watu, na kule jambo halitembei kwa sababu ya mtu mmoja, linatembea kwa sababu wengi wenye uwezo wa kulizuia hawakulizuia. Kwahiyo nikiulizwa nianze kusoma nini kuhusu siasa na sera za Marekani, jibu langu huwa ni kwamba fuata jambo, achana na mtu. Shika hela moja au sheria moja, ifuate tangu inazaliwa mpaka inamfikia mwananchi, na kila inapopita jiulize hapa nani ana uwezo wa kusema hapana. Vitabu ninavyovitaja humu nimevichagua kwa kipimo hicho tu, vinakuonyesha wapi mambo yanakwama na kwa nini.

Cha kwanza sio kitabu hata. Ni Katiba yao yenyewe, ile ya mwaka 1787. Watu wanaizungumzia sana ila walioisoma ni wachache, wakati ni fupi mno, maneno kama 4,500 ukiacha marekebisho yake 27, jioni moja unaimaliza. Isome uone kitu kimoja: Ibara ya Kwanza inahusu Kongresi, yaani bunge lao lenye mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na imekula zaidi ya nusu ya maandishi yote, rais anakuja Ibara ya Pili na mamlaka aliyopewa yanaelezwa kwa mistari michache sana. Walioiandika walikuwa wametoka kupigana na mfalme, hawakutaka mwingine. Humo ndo utakuta kifungu kinachosema hela haitoki hazina mpaka iwe imetengwa kwa sheria, na utakuta kwamba mtu mwenye cheo serikalini haruhusiwi kuwa mjumbe wa Kongresi kwa wakati huohuo. Kwa msomaji wa Tanzania hilo ni jipya kabisa maana sisi waziri lazima awe mbunge, anakaa mlemle bungeni na chama chake kinamlinda. Mkenya atalielewa haraka zaidi, katiba yao ya 2010 imechukua sana mfano huo, mawaziri sio wabunge na lazima wahojiwe kabla ya kupitishwa, afu kuna Seneti.

Sasa rudi kwenye hela za PEPFAR uone huo mstari mmoja wa katiba unavyofanya kazi. PEPFAR ilianza 2003 chini ya Bush mdogo, kwa sheria ya Kongresi iliyoruhusu dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Hapo kuna hatua mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni sheria inayouruhusu mpango uwepo na kuweka masharti yake, ya pili ni sheria ya bajeti ya kila mwaka inayotoa hela zenyewe. Mpango unaweza kuwa na ruhusa na usiwe na hela, na unaweza ukapewa hela huku ruhusa yake imeisha muda. PEPFAR ilishayapitia hayo: ruhusa yake iliisha Septemba 2023 na kuihuisha kukakwama kwa sababu ya ugomvi wao wa utoaji mimba, baadaye ikapewa mwaka mmoja tu badala ya mitano iliyozoeleka, mpaka Machi 2025. Kwahiyo ule mtikisiko wa Januari 2025 uliukuta mpango ambao tayari ulishaanza kulegea ndani ya Kongresi, na sisi huku hatukuona dalili kwa sababu tulikuwa tunaangalia kampeni.

Je rais anaweza kuzikalia hela zilizotengwa? Hili swali lilishapiganiwa. Nixon alifanya sana hivyo miaka ya 70, Kongresi ikakasirika, ikapitisha sheria mwaka 1974 kwamba rais akitaka kufuta matumizi lazima awaombe, na wao wana siku 45 za kukubali, wasipokubali hela zitumike. Ukishaijua hiyo sheria ya 1974 basi habari za 2025 zinasomeka vizuri kabisa. Juni 2025 ikulu iliomba kufuta zaidi ya dola bilioni 9 kwa njia hiyohiyo, na Seneti kabla ya kupitisha ikaondoa mle ndani dola milioni 400 za PEPFAR zisiguswe. Mwezi Agosti ikaja mbinu nyingine, ombi la kufuta dola bilioni 4.9 za misaada ya nje likapelekwa mwaka wa fedha ukiwa unakaribia kuisha tarehe 30 Septemba, yaani zile siku 45 zisiweze kutimia na hela zijifie zenyewe, kesi ikafika Mahakama ya Juu na mahakama ikaruhusu hela zibaki zimezuiwa. Kwahiyo jibu la lile swali ni kwamba kwa maandishi ya sheria hawezi peke yake, ila kwa vitendo anaweza kwenda mbali sana kama Kongresi haimkabili na mahakama haimzuii kwa wakati. Hayo yote yametoka kwenye mstari mmoja wa katiba na sheria moja ya 1974.

Baada ya katiba soma Federalist Papers, ila usisome zote. Ni makala 85 zilizochapishwa 1787 na 1788, nyingi kwenye magazeti ya New York, waandishi ni Hamilton, Madison na Jay wakitumia jina moja la kujificha, Publius, na lengo lao lilikuwa kuwashawishi watu wa New York waikubali katiba mpya. Yaani ni kampeni, na isome ukijua ni kampeni. Anza na namba 10 na namba 51, zote za Madison. Namba 10 inahusu makundi yenye maslahi yao, anasema huwezi kuyafuta bila kuua uhuru kwahiyo bora nchi iwe kubwa makundi yawe mengi lisipatikane moja la kumeza mengine. Namba 51 inasema usitegemee wema wa viongozi, mpe kila mmoja sababu na nyenzo za kumzuia mwenzake. Wapo wanaosema haya ni mambo ya kale, mimi sikubaliani kabisa, ukizielewa hizo mbili utajua kwamba kukwama kwa serikali ya Marekani, kama ule mkwamo wa bajeti wa siku 43 kuanzia Oktoba 2025, kumetokana na mashine ambayo tangu mwanzo ilitengenezwa iwe ngumu kusukumika. Halafu ukitaka, ongeza namba 70 kuhusu rais na namba 78 kuhusu majaji.

Lakini tafadhali usiwasome hao mababa wa katiba peke yao. Katiba hiyohiyo ilikuwa inahesabu watumwa kama tatu ya tano ya mtu kwenye kugawa viti vya bunge, maana yake bwana mwenye watumwa alipata nguvu zaidi bungeni kwa ajili ya watu wasiokuwa na kura. Soma hotuba ya Frederick Douglass ya tarehe 5 Julai 1852 aliyoitoa Rochester, yeye aliyezaliwa mtumwa akatoroka, akiwauliza raia weupe sikukuu yenu ya uhuru inamhusu vipi mtumwa. Kuna nguvu mle ambayo sijaiona kwenye maandishi mengi ya siasa ya nchi yoyote. Na Tocqueville, yule Mfaransa aliyekwenda kule 1831 kukagua magereza akaishia kuandika Democracy in America, ni mzuri ila ni mrefu, msubirishe.

Sasa ingia Kongresi. Kuna kitabu kidogo cha David Mayhew cha 1974, Congress: The Electoral Connection, na mimi ningempa kila mwandishi wa habari anayeripoti Washington. Anaanza na dhana moja tu, kwamba mjumbe wa Kongresi anachotaka ni kuchaguliwa tena, basi, afu anaifuata hiyo dhana mpaka mwisho aone inaeleza nini. Anasema wana kazi tatu: kujitangaza jina, kujipachika sifa za miradi iliyofika jimboni, na kutoa misimamo. Hiyo ya tatu ndo ya kuitazama sana, maana kutoa msimamo hakuhitaji jambo lifanikiwe, mtu anaweza kupiga kelele miaka 20 kuhusu kitu bila kukipitisha na wapiga kura wakamlipa kwa zile kelele. Utaelewa kwa nini kila mara kuna miswada inawasilishwa huku kila mtu anajua haitapita.

Seneti ni ulimwengu wake. Kila jimbo maseneta wawili, Wyoming yenye watu chini ya 600,000 wawili, California yenye watu kama milioni 39 wawili vilevile. Halafu juu ya hapo kuna filibasta, kwamba ili kufunga mjadala na kupiga kura kwenye miswada mingi unahitaji kura 60 kati ya 100, hiyo 60 imeanza 1975, kabla yake ilikuwa theluthi mbili. Na hii haimo kwenye katiba kabisa, ni kanuni ya Seneti yenyewe. Kitabu cha kuielewa ni Master of the Senate cha Robert Caro, cha 2002, ni cha tatu kwenye mfululizo wake wa maisha ya Lyndon Johnson, seneta aliyekuja kuwa rais, na kina zaidi ya kurasa 1,000, najua ni vingi na najua nimesema tuachane na watu, ila Caro anamtumia mtu kukuonyesha mashine. Nenda moja kwa moja sehemu ya sheria ya haki za kiraia ya 1957.

Hapo utaona kitu kwa karibu kabisa. Tangu 1875 haikuwa imepita sheria ya haki za kiraia hata moja, maseneta wa Kusini walikuwa wanaziua zote. Johnson ni kiongozi wa walio wengi, anatoka Texas, anataka urais siku moja, anahitaji sheria ipite bila kuwasukuma wa Kusini mpaka waanzishe filibasta ya pamoja. Kura za kutosha hana. Sasa wapo maseneta wa majimbo ya Magharibi, kule weusi walikuwa wachache sana, suala la haki za weusi haliwapi wala haliwanyimi kura, wao wana kiu ya bwawa la umeme la serikali pale Hells Canyon kwenye mto Snake. Johnson akawaunganisha: wa Kusini waliunge mkono bwawa, wa Magharibi waunge mkono kipengele walichokitaka wa Kusini, kwamba kesi za kuwazuia watu weusi kupiga kura zisikilizwe na baraza la wazee wa mahakama, na kule Kusini wazee hao walikuwa weupe watupu, hukumu unaijua kabla. Kabla ya hapo sehemu iliyompa mwanasheria mkuu nguvu pana ya kushtaki ilishanyofolewa. Strom Thurmond wa South Carolina bado akasimama kuipinga akaongea saa 24 na dakika 18 peke yake. Sheria ikapita, dhaifu mno, na bwawa lenyewe likaishia kufa kwenye Baraza la Wawakilishi. Je ulikuwa ushindi au usaliti? Caro anakuachia uumie nalo, na mimi nadhani ni vyote viwili, weusi wa Kusini walilipia ule mlango kwa miaka mingine minane kabla ya sheria ya kura ya 1965 yenye meno.

Kuhusu urais nitasema kidogo tu. Richard Neustadt, Presidential Power, 1960. Alifanya kazi ikulu ya Truman, na hoja yake ni kwamba nguvu ya rais ni nguvu ya kushawishi. Anasimulia Truman alivyokuwa anamhurumia Eisenhower, rais aliyemfuata, kabla hajaingia, kwamba jenerali amezoea jeshini ukisema fanya basi kinafanyika, ikulu atasema fanya na hakitafanyika kitu. Marais wa karibuni wameegemea sana amri za kiutendaji na mambo mengine ya kitabu hicho yanapata mtihani mgumu, ila kisome uone kipimo cha zamani kilikuwa wapi, bila hicho huwezi kujua kimebadilika kiasi gani.

Hapo ndo siasa. Sera sasa, na hapa wasomaji wengi wanapaacha wakati ndo patamu kuliko kote.

Kuna kitabu cha Pressman na Wildavsky cha 1973 kinaitwa Implementation, na kama ungeniruhusu nikupe kimoja tu kwenye orodha yote hii ningekupa hicho. Stori yake ni ya mji mmoja, Oakland, California. Mwaka 1966 serikali kuu ina hofu, mwaka uliopita mtaa wa Watts kule Los Angeles umewaka moto, Oakland ina weusi wengi wasio na kazi na watu wanasema unafuata. Shirika moja jipya la maendeleo ya uchumi likatangaza kama dola milioni 23 za miradi, hangari la ndege, gati la bandari, barabara, na ahadi ya ajira kama 3,000 kwa wasio na kazi. Hela zipo, meya anataka, wafanyabiashara wanataka, Washington inataka, hakuna adui. Miaka minne baadaye ujenzi umefanyika kipandekipande, mikopo ya wafanyabiashara imekufa kabisa, na ajira zilizopatikana ni chache za kusikitisha.

Kwa nini? Hapo ndo uzuri wa kitabu, hawatafuti mwizi. Gharama za hangari zilipanda wakaanza kubishana nani alipe nyongeza. Shirika lilitaka mpango wa ajira usainiwe kwanza, kampuni inataka hela kwanza. Kila taasisi ilikuwa inakubaliana na lengo ila ina haraka yake, sheria zake, wakubwa wake. Waandishi wakakaa wakahesabu makubaliano yaliyohitajika ili mradi usogee, wakapata 70. Sasa piga hesabu mwenyewe kwa simu yako: kama kila kituo kina uwezekano wa asilimia 90 wa kukubali, ukizidisha mara 70 uwezekano wa mradi kufika mwisho ni chini ya moja kwa elfu. Weka asilimia 99, yaani karibu kila mtu anasema ndiyo, bado ni chini kidogo ya nusu. Na hapo hatujahesabu muda unaopotea kila kituo. Tangu nisome hesabu hiyo nikisikia serikali yoyote inatangaza mradi wenye wadau wengi, swali langu ni saini ngapi zinahitajika.

Kinachokwenda nacho ni The Power Broker, cha Caro huyohuyo, 1974, kuhusu Robert Moses aliyejenga madaraja na barabara za New York kwa miaka zaidi ya 40 bila kuchaguliwa na mtu, mara moja tu aligombea ugavana 1934 akashindwa vibaya. Siri yake ilikuwa kwenye karatasi: mamlaka ya daraja ilitakiwa ife deni likiisha kulipwa, yeye akaandika sheria inayoiruhusu kutoa hatifungani mpya, kwahiyo deni haliishi, tozo za madaraja zinaingia kila siku, na mkataba na wenye hatifungani unalindwa na katiba, meya hamgusi gavana hamgusi. Ukivisoma hivi viwili pamoja unaona pande mbili, kule Oakland wengi wanaweza kuzuia na hakuna kinachojengwa, New York hakuna wa kumzuia mmoja na mitaa mizima ya watu ikabomolewa barabara zipite.

Kwenye nyumba na ubaguzi soma The Color of Law cha Richard Rothstein, 2017. Hoja yake ni kwamba weusi na weupe wa miji ya Marekani hawakujitenga wenyewe tu, serikali iliwatenga kwa sheria na kwa hela. Kuanzia 1934 kulikuwa na shirika la serikali kuu la kuwekea bima mikopo ya nyumba, na masharti yake yalikuwa mtaa wenye weusi au ulio jirani na weusi ni hatari, haupewi. Mfano ambao hautoki kichwani ni wa Detroit 1941. Mjenzi alitaka kujenga nyumba za weupe jirani na mtaa wa weusi, shirika likakataa kuweka bima, akajenga ukuta wa zege wa urefu kama wa mita 800, kimo futi sita, kati ya mitaa miwili, bima ikatoka. Ukuta upo mpaka leo, sehemu moja umechorwa picha. Kwa familia nyingi za Marekani nyumba ndo akiba, ndo ada ya chuo ya mtoto, ndo urithi, kwahiyo aliyenyimwa mkopo 1941 wajukuu wake bado wanalipa. Wapo wanahistoria wanaobishana kuhusu uzito wa zile ramani za serikali za miaka ya 30, zilizopaka mitaa ya weusi rangi nyekundu kuonyesha ni hatari kukopesha, ukilinganisha na masharti ya bima yenyewe, na huo ni ubishi wa maana, ila ukuta ni ukuta.

Halafu usisome upande mmoja. Nasema kwa dhati kwa sababu wengi wetu tunapokea Marekani kupitia vyombo vya aina moja, tunabaki kushangaa nusu ya nchi inavyopiga kura. Chukua suala la misaada kwa maskini. Charles Murray aliandika Losing Ground 1984, akidai kwamba misaada ya serikali iliwaumiza maskini kwa kuwafanya kazi na ndoa visiwe na faida kwao. Miaka mitatu baadaye William Julius Wilson, mwanasosholojia wa Chicago, akaandika The Truly Disadvantaged, akasema tazameni viwanda vilivyoondoka, kazi za watu wenye elimu ndogo zimepotea mijini, huwezi kulaumu misaada. Vikifuatana hivyo viwili unapata mjadala wenyewe, na mjadala haukubaki kwenye karatasi. Mwaka 1996 Clinton, wa chama cha Democratic, alisaini sheria iliyofuta ule mpango wa zamani, ikaweka ukomo wa miaka mitano kwa hela ya serikali kuu, na majimbo yakapewa fungu la jumla la kama dola bilioni 16.5 kwa mwaka, fungu ambalo halipandi bei za vitu zikipanda. Mimi naona Wilson alikuwa na hoja nzito zaidi, ila aliyeshinda bungeni ni Murray.

Neno majimbo hapo lisikupite. Shule, polisi, leseni, hata uchaguzi wa rais wenyewe vinaendeshwa na majimbo na serikali za mitaa, na hizo za mitaa zipo zaidi ya 90,000. Sheria ya afya ya Obama ya 2010 ilitaka kila jimbo lipanue bima ya Medicaid kwa watu wa kipato cha chini, mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema jimbo lisilazimishwe, na majimbo 10 yakiwemo Texas na Florida yakabaki hayajapanua. Una ndugu Minneapolis na mwingine Houston, kipato kilekile, mmoja anaweza kuwa na bima na mwenzake hana, kisa mpaka wa jimbo.

Mwisho ni vitu vya bure, maana vitabu ni ghali na kuvisafirisha ni ghali zaidi. Katiba na Federalist zipo mtandaoni bure kabisa, Tocqueville pia. Ila hazina niipendayo ni ripoti za CRS, kitengo cha utafiti cha Kongresi kilichopo ndani ya maktaba yao kuu, ambazo zamani wananchi walikuwa wanazipata kwa kubahatisha na tangu 2018 zinawekwa wazi. Wanaandika kwa ajili ya wabunge wa vyama vyote, kwahiyo hawakusukumi upande, wanakueleza sheria inasemaje, hela kiasi gani, nani anabishana na nani, na ni PDF nyepesi isiyomaliza bando. Kuna pia CBO, ofisi ya bajeti ya Kongresi, iliyozaliwa na ileile sheria ya 1974, inayokadiria kila muswada mkubwa utagharimu kiasi gani. Na kuna gazeti la serikali, Federal Register, ambako taasisi zikitaka kuweka kanuni lazima kwa kawaida zitangaze kwanza na kupokea maoni, na anayetoa maoni sio lazima awe raia.

Kwa kuanzia chukua AGOA. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 2000, ya kuruhusu nguo za kutoka viwanda vya Athi River kule Kenya na kwingineko Afrika kuingia Marekani bila ushuru, na muda wake uliisha 30 Septemba 2025 bila kuhuishwa kwa wakati wakati viwanda vina oda mkononi. Tafuta ripoti ya CRS kuhusu AGOA, isome na Mayhew pembeni, na kila ukikuta jina la kamati liandike kando: hiyo ni saini moja.